Peke Yangu Katika Kategori, na Bado Sikufika

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Jamani wa grupu, nawaandikia mapema kwa sababu najua video iko njiani. Kuna mtu ameipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo (mtu wa namna gani huyo?). Afadhali msikie kwangu kwanza.

Wanaonijua wananijua. Mimi ni Papa Kabemba, kinyozi, hapa hapa Kalemie. Asiyenijua kwa kunyoa ananijua kwa Kobe. Kobe ni gari langu: dogo, bluu, mviringo, moteri (injini yake) iko nyuma, limezaliwa kabla yangu. Nilimkuta kwenye uwanja wa jirani akiwa nyumba ya kuku. Kuku mmoja alikuwa anaatamia kwenye kiti cha dereva, na nilisubiri vifaranga vitoke ndipo nikaanza kazi. Nimemfufua kwa mikono yangu mwenyewe, kwa vyuma vya kuokota, kwa waya, kwa maombi.

Sisi wenye magari ya kizee tuna klabu yetu. Si klabu ya matajiri. Sheria yetu ilikuwa hivi: gari liwe kuukuu, litengenezwe na mwenyewe kwa vipande vya kuokota, na lizidi umri wa dereva wake. Basi. Tunashindana kwenye kiwanja cha kiwanda kilichofungwa zamani, kule karibu na maji. Unaanzia chini kwenye tambarare, unazunguka nyuma ya maghala, unapanda kilima, halafu unateremka moja kwa moja mpaka pale pale ulipoanzia. Baada ya mstari kuna nafasi ya kusimamia. Baada ya nafasi kuna watu. Baada ya watu kuna akina mama wanaouza chakula. Baada ya hao kuna mtaro, na baada ya mtaro ni Tanganyika yenyewe, na ziwa halina freni ya kumsimamisha mtu. (Mtaona kwa nini nawapangia hivi.)

Shida yetu ilikuwa moja. Magari yote yalikuwa yanashindana pamoja, na kila mara anashinda yule yule, bwana mmoja mwenye gari la jipu. Watu wakachoka. Wengine wakarudisha magari yao kwa kuku. Ndipo prezida wetu, Muzee Lumbwe, dereva wa treni aliyestaafu (mtu mkimya kabisa, lakini akishika megafoni anageuka mtu mwingine), akaitisha mkutano asubuhi ya leo, pale pale kiwanjani, ili tuongeze kategori mpya.

"Ndugu zangu," akasema, "watu wa komini wametupa ruhusa ya leo tu, ya majaribio. Wametuma mukubwa wao, yule pale kwenye kiti. Muntu mumoja akiumia, klabu imekufa. Mumenisikia?"

Tulimsikia. Yule mkubwa wa komini, mtu wa serikali, alikuwa amekaa chini ya mwavuli, amekunja mikono, miwani nyeusi. Huoni anatazama wapi.

Nikawa wa kwanza kusimama. Nikasema klabu inahitaji kategori ya magari madogo. Nikaeleza vizuri, kwa mikono, kwamba si haki gari dogo lishindane na jipu, kwamba hata kwenye masumbwi watu wanapimwa uzito. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilipendeza, nakuambieni!

Jambo ambalo sikulisema ni hili: gari dogo lingine la mji huu liko Manono. Mwenyewe alilipeleka kwenye harusi ya mdogo wake, na mpaka leo halijapata nguvu ya kurudi. Kwa hiyo kategori ya magari madogo ingekuwa na gari moja. Langu. (Nilikuwa nimeshafikiria mpaka picha ya ushindi, bega lipi litangulie.)

Ndipo Mama Salima aliposimama.

Mama Salima ni mjane, ana duka la vitenge, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuwa wakivusha biashara ziwani. Ana umri wa mama yangu. Bangili zinapanda mpaka karibu na kiwiko, mtandio wa rangi ya chungwa, na sauti isiyohitaji megafoni. Alikuwa amekuja na pikapu ya marehemu mume wake: ya kijivu, ndefu, imesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Nyuma imefungwa tairi kuukuu kwa kamba, ili isiumie ikigongwa kule bandarini wakati wa kupakia.

"Prezida," akasema, "sheria yenu inasema gari izidi umri wa dereva. Mimi nitaendesha nini? Treni?"

Watu wakacheka. Muzee Lumbwe akageuka akatazama upande wa reli, kama mtu anayefikiria jambo lenyewe.

"Toeni hiyo maneno ya umri," Mama Salima akaendelea. "Muongeze kategori ya pikapu. Na muongeze ingine, ya muntu anayeenda sawasawa. Azunguke mara mbili bila kutazama saa, na mizunguko yake ifanane. Yule atakayefananisha zaidi, njo mushindi. Kwenda mbio si kazi. Hata jiwe ikiteremuka inaenda mbio."

Sasa mimi, badala ya kukaa, nikajibu. Kwa nini nilijibu? Sijui. Mdomo wangu huwa unatoka nyumbani mapema kuliko mimi.

"Mama, kwa heshima yote," nikasema kwa sauti kubwa, "pikapu ni ya kubeba dagaa, ndakala. Hapa ni mashindano. Na hiyo ya kwenda sawasawa ni mashindano gani? Tutawaita watu waje kutazama muntu anaenda polepole?"

Akanitazama kuanzia viatu. Akapanda taratibu mpaka usoni.

"Papa, ndakala imekufanyia nini?"

Vicheko! Nikakaa.

Ikapigwa kura. Sharti la umri likaondolewa, na kategori zote tatu zikapita: magari madogo, pikapu, na hiyo ya sawasawa. Kwa ile yangu nilinyoosha mikono yote miwili.

Nikaenda nyuma ya Kobe kuvaa. Hapa niwaombe msihukumu haraka. Nilikuwa nimeshonewa ovaroli nyeupe, na mgongoni fundi ameandika kwa herufi nyekundu, kubwa, kutoka bega mpaka bega: SHAMPIONI. Na viatu vipya, vyeupe pia, soli laini kama sabuni. Mke wangu, Mama Grâce (Grâce ni mtoto wetu), alikuwa kwenye safu ya chakula na karai lake la samaki, mikebuka ya kukaanga. Akaniona. Akafuta mikono.

"Papa Grâce, hiyo neno ya mugongoni, si ungengoja ushinde kwanza?"

"Niko peke yangu, Mama. Nitashindwa na nani?"

Akamtazama Kobe. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye karai lake.

Wakaanza na kategori ya sawasawa. Wa kwanza alikuwa yule bwana wa jipu. Mzunguko wa kwanza alipita kama amefukuzwa. Mzunguko wa pili akawa anajaribu kukumbuka alifukuzwa kiasi gani. Huku anakaza, kule analegeza, kwenye kona akasimama kabisa kufikiri. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikamwambia jirani yangu, "Unaona? Mashindano ya bure haya."

Halafu akaingia Mama Salima.

Jamani. Nikae vizuri niwaeleze.

Pikapu ile iliondoka bila kurusha hata jiwe moja. Ikazunguka maghala, ikapanda, ikateremka, ikapita mbele yetu kwa mlio mmoja mzito, haukupanda wala haukushuka, kama mtu anayeimba amefumba macho. Mama Salima amenyooka kwenye kiti, bangili zake hazigongani. Watu wakaanza kunyamaza. Sio kwamba waliambiwa. Kelele ziliisha zenyewe, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya chini. Nikatazama alama za matairi yake kwenye mavumbi, zimechorwa safi kabisa. Nikasema moyoni, ngoja nione za mara ya pili zitapita wapi. Akaja mara ya pili. Mlio ule ule. Akapita. Nikainama kutafuta alama mpya.

Hazikuwepo. Alikuwa amepita ndani ya zile za kwanza.

Nilichuchumaa pale nimeshika mavumbi kama mtu aliyepotelewa na pete. Nywele zilinisimama (na mimi ni kipara). Nimeona magari maisha yangu yote, lakini sikujua gari linaweza kuendeshwa namna ile, kama mtu anayeandika jina lake mara mbili na huoni tofauti.

Muzee Lumbwe akatazama saa yake. Akaitikisa. Akaiweka sikioni.

"Imesimama?" mtu akauliza.

"Haijasimama."

Akavua kofia. Akachukua megafoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake kwenye megafoni ikawa ndogo.

"Ndugu zangu, nimefanya kazi kwenye treni maisha yangu yote. Sijawahi kuona kitu kinafika kwa wakati namna hii."

Makofi yaliyopigwa pale, nadhani walisikia mpaka kule Katanika. Hata yule mkubwa wa komini alikunjua mikono. Na mimi nilipiga, nilipiga kweli. Lakini ndani yangu kuna kitu kidogo kibaya kikasema: Kabemba, nawe waonyeshe. Zamu yako ndiyo hii.

"Kategori ya magari madogo!" Muzee Lumbwe akaita. "Washindani... mushindani aingie!"

Nikaingia. Nikapunga mkono kushoto, nikapunga kulia. Nyuma yangu Mama Salima alikuwa ameshasogeza pikapu yake pembeni ya mstari, moteri inaunguruma, anasubiri kategori ya pikapu itakayofuata. Bendera ikashuka. Kobe akaruka!

Hapa lazima niwaambie habari za maandalizi. Nilitaka Kobe awe mwepesi. Nikatoa kiti cha abiria. Nikatoa tairi la akiba. Nikatoa freni ya mkono, na kamba yake yote, nikasema mashindano ni ya kwenda, si ya kusimama. Na mafuta nikaweka kidogo tu, kwa sababu mafuta nayo yana uzito. (Hii ni hesabu ya kinyozi, kila kitu tunaona cha kupunguza.)

Tukazunguka maghala vizuri. Tukaanza kupanda. Katikati ya kilima Kobe akakohoa. Nikamwambia, "Kaza, mwanangu." Akakaza. Akakohoa tena. Tukafika juu kabisa, pale ambapo barabara inapumzika kidogo kabla ya kuteremka, na pale pale Kobe akanyamaza.

Kimya. Upepo tu. Kutoka juu pale unaona ziwa lote, maji yanang'aa mpaka macho yanachoka, na chini watu wadogo wadogo wananisubiri. Palikuwa pazuri ajabu. Ningekuwa na akili ningekaa nitazame mpaka waje kunichukua.

Lakini nilifikiri: mteremko huo hapo mbele. Nikisukuma kidogo tu, Kobe atashuka mwenyewe, nami nitaruka ndani, nitafika. Hakuna wa kunipita. Niko peke yangu!

Nikatoka. Nikaacha mlango wazi. Nikaweka bega kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, nikasukuma. Kobe hakusogea. Nikasukuma kwa nguvu zote. Akasogea kidogo. Akasogea tena. Nikasema, "Sasa!" nikainua mguu wa kurukia.

Kiatu kipya kikateleza.

Nilianguka kifudifudi, mikono imenyooka, mdomo umejaa mchanga. Nikainua kichwa. Kobe alikuwa anaondoka.

Mwanzoni alienda kama mtu anayetoka sebuleni bila kuaga. Nikamwita. Ndiyo, nililiita gari kwa jina! "Kobe! Simama! Kobe!" Akaongeza mwendo. Mlango wake ukajifunga wenyewe, pa! kama dereva mwenye adabu. Halafu akateremka.

Na nitawaambia ukweli, hata kama mtanicheka: alikuwa mzuri. Sijawahi kumwona kutoka nje akikimbia, kwa sababu siku zote mimi niko ndani. Alienda moja kwa moja katikati ya barabara, mgongo wa bluu unawaka jua, vumbi linainuka nyuma yake kama pazia. Hakuyumba hata kidogo. Mimi nikiwa ndani huwa tunayumba sana.

Chini hawakujua. Jua lilikuwa linapiga kioo cha mbele, hawakuona ndani. Wakaanza kuimba, "Ka-bemba! Ka-bemba!" Na Muzee Lumbwe kwenye megafoni, namsikia kutoka kule juu nilikolala:

"Tazameni! Tazameni utulivu wa dereva huyu! Hatikisiki hata kichwa!"

Hakutikisika kwa sababu kichwa kilikuwa juu ya kilima, kinatema mchanga.

Nikajaribu kupiga kelele. Kwa sababu sasa nilikuwa nimeona kile ambacho wao hawajaona: mstari, nafasi ya kusimamia, watu, akina mama, mtaro, maji. Na pale katikati ya akina mama, mtandio wa kijani. Mama Grâce, ameinama kwenye karai lake, amenipa mgongo.

Hapo, jamani, sikuwa na hamu ya kuchekesha mtu.

Kobe akavuka mstari. Mwenye bendera akaishusha kwa heshima zote. Ndipo Kobe alipompita karibu, naye akachungulia dirishani.

"Hamuna muntu!" akapiga yowe. "Ndani hamuna muntu!"

Nyimbo zikakatika. Watu wakabaki wamefungua midomo, miguu haijui iende wapi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Ile pikapu ya kijivu ilikuwa imeshaondoka. Mama Salima lazima alimwona Kobe kabla ya wote, kwa sababu Kobe alipovuka mstari yeye alikuwa ameshaingia barabarani mbele yake, anaelekea upande ule ule, kwenye wale watu. Nikafikiri amechanganyikiwa. Magari mawili sasa yanawaendea watu! Lakini pikapu haikukimbia. Ilienda kwa ule mwendo wake, na Kobe anaikaribia kwa nyuma, anaikaribia, anaikaribia, mpaka pua ya Kobe ikagusa lile tairi kuukuu lililofungwa nyuma.

Hakikusikika kishindo. Walikutana kama watu wanaosalimiana. Na Mama Salima akaanza kukanyaga freni, kidogo, halafu kidogo tena. Vumbi halikuruka. Magari mawili yakawa kama moja, yakapungua, yakapungua, watu wanafungua njia kushoto na kulia, yakapungua, yakasimama.

Yalisimama mbele ya karai la Mama Grâce. Mafuta ndani ya karai hayakumwagika. Samaki waliendelea kuiva.

Mji mzima ulinyamaza. Nawaambia, nilisikia kutoka juu ya kilima mlango wa pikapu ukifunguliwa, na bangili za Mama Salima, chaka chaka chaka, akishuka.

Nilijikuta nimepiga magoti. Wengine waliniambia baadaye walifanya hivyo hivyo.

Halafu sauti ya kwanza ikawa ya mke wangu. Alikuwa amekimbilia dirisha la Kobe, amechungulia, hajaona mtu.

"Papa Grâce! Papa Grâce yuko wapi? Mume wangu ametupwa wapi?"

Akachungulia chini ya kiti. Chini ya kiti, jamani, na mimi na tumbo langu hili! Akaanza kulia. Watu wakaanza kutafuta kwenye mtaro. Ikabidi nisimame. Nikasimama pale juu nikainua mkono, kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni.

"Yule pale!" mtu akaonyesha.

Watu wote wakageuka.

Nikateremka. Ule mteremko ambao Kobe aliumaliza kufumba na kufumbua, mimi niliuteremka kwa muda mrefu sana. Soli ya kiatu imefunguka mbele, kila nikikanyaga inasema plap. Plap. Plap. Ovaroli mbele ni nyekundu yote kwa mavumbi, nyuma ni nyeupe safi. Nilipopita katikati yao, ndipo waliposoma mgongo.

Nikasikia mtu mmoja anajizuia. Halafu wawili. Mwenye kupiga video anasogea nami, taratibu, kama harusi.

Mama Grâce akanikimbilia. Akanikumbatia, akanigusa kichwa, mikono, mbavu, akahakikisha niko mzima. Alipohakikisha, akanipiga na mwiko.

Kicheko kilichofuata, sitakieleza.

Kikakatika ghafla, kwa sababu yule mkubwa wa komini alikuwa ameinuka. Akaja amevua miwani. Muzee Lumbwe akakumbatia megafoni kifuani. Kila mwenye gari pale alikuwa anafikiri jambo moja: klabu imekufa, na muuaji amevaa nyeupe.

"Kuna muntu ameumia?" mkubwa akauliza.

"Bado," akasema Mama Grâce, mwiko uko juu.

Yule bwana akajitahidi. Namwona anajitahidi, shavu linacheza. Akageuka akamtazama Mama Salima aliyekuwa anakagua lile tairi lake kama hakuna lililotokea.

"Mama, hiyo kazi umeifanya namna gani?"

"Nimeikaribisha tu," akajibu. "Gari ikikuja, ukiikimbia itakupiga. Ukiisimamia itakupiga. Unatembea nayo kidogo, unaizoesha, kisha munasimama wote."

Mkubwa akavaa tena miwani. Akamwambia Muzee Lumbwe, "Ruhusa yenu nitaiongeza. Lakini usalama wa kila mashindano uwe mikononi mwa huyu mama. Na muongeze sheria moja: dereva awe ndani ya gari."

Tumekaa asubuhi nzima tunapanga kategori na masharti, na hakuna aliyefikiri kwamba hiyo nayo lazima isemwe!

Makofi yakalipuka. Muzee Lumbwe akapata tena sauti yake ya megafoni.

"Kategori ya magari madogo! Wa kwanza: Kobe! Dereva wake: hakufika!"

Wakaleta taji la maua la mshindi, wakamvika Kobe kwenye taa ya mbele. Watu wakapiga naye picha. Nilisogea nami nipige, nikaambiwa, "Papa, jisogeze kidogo, unamuziba."

Nikaenda kwa Mama Salima. Sikujua nianze wapi. Mke wangu yuko pale amesimama, mzima, anageuza samaki. Klabu ipo. Nikashika mikono yake yote miwili.

"Mama, yale maneno yangu ya asubuhi, ya ndakala..."

"Ndakala imekusamehe," akasema. Halafu akacheka. "Mume wangu alikuwa anabeba mawese kwenye mabeseni ya wazi, na mimi njo dereva. Ukikanyaga freni kwa hasira, unaoga mawese. Nimeoga mara nyingi, Papa. Kisha nikajifunza."

Alisema hivyo tu, kama anaeleza namna ya kupika ugali. Mtu anaishi mji mmoja na wewe, unapita mbele ya duka lake kila siku, unamsalimia, na hujui umesalimia nini.

"Sasa nina shida," akaendelea. "Kategori ya pikapu inaanza, na Prezida anasema kila pikapu ibebe muzigo. Magunia yangu ya muchanga wameyachukua, wameyaweka chini ya magurudumu ya gari yako isiende tena popote. Wewe una kilo ngapi?"

Alikuwa ameshanifungulia nyuma.

Kwa hiyo ndugu zangu, leo nimeshiriki kategori mbili. Katika ya pili nilikuwa mzigo. Nilikaa nyuma ya pikapu nimeshika kamba, nimewapa watu mgongo ulioandikwa SHAMPIONI, na tukaenda. Na sikilizeni: sikurushwa hata mara moja. Kwenye kona nilihisi gari linainama kidogo, kama mtu anayempisha mkubwa njiani, halafu linanyooka. Kule juu ziwa lilifunguka lote mbele yangu, nami nikaacha kamba nikalitazama, kwa sababu hapakuwa na haja ya kushika kitu. Tukateremka ule mteremko wangu. Upepo unapita, watu wanaimba jina, safari hii si langu, nami nikawa naimba nao kwa sauti yote.

Alishinda. Mzigo ulishuka salama.

Basi nawaomba: chekeni leo leo mmalize. Jumapili ni zamu yangu kusoma Somo la Kwanza mbele ya kanisa zima, na kwaya yote ilikuwa pale.